Tembo aligusa bomba letu kabla ya mama: mliofungiwa AC Mikumi na kwingineko, pitieni hapa

Wakuu, salamu kwenu mliopo na mtakaopita baadaye.

Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na sahani ya mihogo mkononi. Atakayesema hii ni chai, nimetunga, ruksa, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nipo Mikumi. Kwetu hasa ni Kilosa mjini, ila baba yangu mdogo ana gesti hapa, upande wa mji unaopakana na hifadhi, na mimi ndiye msimamizi wake. Mama yangu tunaishi naye hapohapo. Ndiye anayefua mashuka, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamchoka.

Joto la huku mnalijua. Wageni wakawa wanachungulia chumba, wanauliza, "AC ipo?" Ukisema feni ipo, wanakuaga kwa adabu. Baba mdogo akaamua vyumba vya mbele vifungwe AC.

Kuna fundi anaitwa Shomari. Naomba nimtendee haki: kwa friji na AC yule bwana ni balaa. Kasoma chuo cha ufundi, ana cheti cha majokofu na viyoyozi, na gesi ikipungua anaijua kwa kusikiliza tu kompresa inavyolia. Hapo sina neno.

Nikamshauri baba mdogo tumsubiri na dada Mwanaidi. Huyu ni fundi umeme wa Kilosa mwenye leseni, ndiye aliyetufungia umeme nyumbani. Wakati huo alikuwa na kazi Munisagara. Kwenye simu aliniambia hivi:

"AC afunge Shomari, mimi gesi siijui wala siigusi. Ila waya wa kutoka meni swichi mpaka kwenye AC, pamoja na earth yake, aniachie. Hiyo ni kazi ya mwenye leseni ya umeme."

Baba mdogo alicheka huyo! "Fundi ni fundi. Mmoja afunge AC, mwingine aje kuiwasha, kwani ni shughuli ya harusi hii?"

Nani abishane na mwenye gesti yake. Shomari akafunga AC, akavuta na umeme mwenyewe. Chumba kikawa baridi mpaka unatafuta blanketi, tukampigia makofi.

Maisha yakaendelea.

Sasa niwaeleze uani kwetu palivyo, maana bila hapo hamtanielewa. Kuna bomba la chuma linalotokea ukuta wa bafu la wageni, limeungana na la bafuni, koki yake iko pembeni ya sakafu ya kufulia. Mama anafua pale asubuhi, na alasiri anatawadha palepale. Sakafu inateleza, kwa hiyo huwa anavua ndala. Miguu mitupu, kwenye maji, kila siku ya Mungu.

AC zetu zilikuwa zinawashwa jioni wageni wakiingia. Mchana zinalala.

Siku hiyo akaja dereva wa lori la miwa kutoka Kidodi. Gari lake limeharibika, kachoka, akachukua chumba cha mbele tangu mchana na kujifungia na AC yake.

Ikaadhiniwa alasiri. Mama akachukua kopo lake, anatoka. Nikamdaka mkono.

"Mama rudi, kuna mkubwa uani."

Tembo dume. Kiangazi wanatoka hifadhini kutafuta maji, kwa watu wa Mikumi hiyo si habari mpya. Uzio wetu wa nyuma walishaulaza zamani. Tukafunga mlango wa chuma, tukabaki tunachungulia, mama ananung'unika kwamba wakati unampita.

Yule tembo alifuata bomba moja kwa moja. Linavuja kidogo, nadhani alinusa maji. Akanyoosha mkonga taratibu, kwa upole ambao huutegemei kwa mnyama wa ukubwa ule, akagusa koki kwa ncha.

Wakuu.

Ule ukelele sijawahi kuusikia, na naomba nisiusikie tena. Vioo vilitikisika. Alirudi kinyumenyume akaugonga mwarobaini, matawi yakamwagika chini. Halafu akasimama mbali, mkonga kauingiza mdomoni kama mtoto aliyeungua kidole, analitazama bomba. Analitazama tu. Kisha akageuka, akaondoka na kipande cha uzio kilichokuwa kimebaki.

Mnyama anayeng'oa mti na mizizi yake, kakimbia koki. Mihogo yangu yote iko chini.

"Kaona nyoka huyo," akasema baba mdogo.

Mama hakuwa na habari na nyoka. Alifungua mlango, huyoo, na kopo lake.

Na mimi nilimwacha aende! Wallahi nilimwacha. Akili ilikuwa bado iko kwa tembo.

Sekunde hiyohiyo yule dereva katoka bafuni na taulo na ndala za mpira, sabuni masikioni. "Bwana msimamizi, hili bomba lenu lina nini? Nikilishika mkono unaingia ganzi."

Nikamwangalia. Nikatazama uani. Mama keshavua ndala, mguu mmoja uko kwenye sakafu ya maji, mkono anaupeleka kwenye koki.

"MAMA USIGUSE!"

Sauti ile sijui ilitoka wapi, sijawahi kumpigia mama kelele tangu nizaliwe. Aliurudisha mkono kwa hasira. "Unanifokea mimi?"

Nilikimbilia meni swichi nikaizima yote. AC ikanyamaza, gesti nzima ikanyamaza. Ndipo nikakaa chini palepale koridoni.

Nikampigia Mwanaidi, akafika kesho yake na basi la asubuhi kutoka Kilosa. Akatoa mita yake, akatuweka mbali, akawasha AC ile ya chumba cha dereva, akapima koki. Alipoona mita inavyosoma, aliguna kwanza kabla ya kusema.

"Umeme wa nyumba uko hapa. Siyo kidogo, uko wote. Yule dereva kaponea ndala zake."

Kwa tusio mafundi, nieleze alivyonieleza. Ndani ya ile mashine ya nje ya AC kuna waya ulisuguliwa na ukingo wa bati mpaka siku za karibuni ukachubuka, umeme ukaingia kwenye bodi ya chuma. Hilo linaweza kutokea kwa yeyote. Ndiyo maana kuna ule waya wa kijani wenye mstari wa njano, earth, wa kuubeba umeme uliovuja na kuupeleka ardhini, ili breaker, ile swichi ya usalama, ijikate yenyewe.

Wetu ulikuwa umefungwa kwenye bomba la maji.

Shomari akaitwa. Alikuja mbio na hakukataa. "Lakini dada, mimi nimefundishwa kazi kwenye nyumba za zamani za reli pale Kilosa. Wote tulikuwa tunafunga kwenye bomba, na ilikuwa inakubali."

Mwanaidi hakumgombeza. "Kule bomba ni chuma mpaka chini ya udongo, kwa hiyo mlikuwa mnabahatisha na bahati inawakubali. Hapa chuma kinaishia ukutani, chini yote ni plastiki. Umeupeleka umeme bombani, ukafika hapo ukakosa njia. Ukawa unamsubiri mtu."

Shomari akamwangalia mama. Akakaa kwenye sakafu ya kufulia, kofia usoni. Tukadhani analia, na labda alikuwa analia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kidodi kuna nyumba nimefunga hivihivi. Wana watoto."

"Wapigie wazime meni swichi sasa hivi."

Alipiga palepale, baba mdogo akamshikia simu. Wakazima. Hapo wakuu nilimheshimu yule bwana, maana hakuna aliyekuwa anajua habari za Kidodi, na wengi wangemeza.

Wakati Mwanaidi anafanya kazi, nikamuuliza: sasa Shomari si ana cheti?

Akasema cheti chake ni halali, ila kinasema amesomea kupoza. Mabomba ya shaba, gesi, kompresa. Kufunga umeme wa jengo kuna leseni yake inayotolewa na mamlaka, na ina madaraja, kila daraja na kazi zake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na wapo. Kama hana, basi muwe na mafundi wawili. Na mwenye leseni akimaliza anapima, kisha anaweka sahihi kwamba kazi ni yake.

Akazika fimbo ya shaba ardhini, akavuta waya mpya wenye breaker yake, akaweka na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Kazi safi, hata baba mdogo alikuwa anapokea spana bila kutumwa.

Tatizo likabaki mama. Aligoma kabisa. Hata baada ya kuambiwa pamepona alikuwa na ndoo mkononi, anataka kwenda kuomba maji kwa jirani.

Mwanaidi akapima tena. Akawasha AC zote. Halafu akakaa chini akavua buti, akavua soksi, akakunja suruali, akapanda kwenye ile sakafu ya maji miguu mitupu. Akalishika bomba kwa mkono uliolowa. Hakuuondoa.

"Shikamoo mama."

Mama akautazama ule mkono. Akaitazama na ile miguu.

"Marahaba mwanangu."

"Njoo utawadhe. Mimi nimeshalishika."

Mama akaweka ndoo chini, akavua ndala, akaenda kusimama karibu yake. Mimi nilizunguka nyuma ya jiko nikalia kama mjinga, na sioni aibu kuwaandikia.

Baada ya hapo Mwanaidi na Shomari walipanda gari moja kwenda Kidodi. Kule nako palirekebishwa, watoto wazima.

Nilichojifunza ni hicho tu, wakuu. Nilikuwa nadhani leseni ni karatasi ya kutuzungusha. Kumbe ni mtu anayeweza kuvua viatu mbele ya mama yako.

Mafundi wa humu, nirekebisheni nilipokosea kueleza. Na nyie wenye AC: aliyewavutia umeme wake ni nani, na ule waya wa kijani unaishia wapi? Usiende kushika. Mpigie fundi wako umuulize, halafu rudi hapa utuandikie alichokujibu.