Sanduku la Kufuli Mbili

Uthiru nzima hakuna fundi wa kuchomelea anajisifu kama Were. Akikutengenezea geti, utasikia habari zake mpaka rangi ikauke. Kwa hivyo wazazi na walimu wa shule ya kutwa ya mtoto wake walipokubaliana simu za wanafunzi zifungiwe, ni yeye alisimama kwa mkutano akapiga kifua.

"Nitawatengenezea sanduku, bure! Kufuli mbili, vile sisi hufanya kwa sanduku la pesa za chama. Funguo moja kwa deputi wa mwalimu mkuu, ingine kwa mzazi. Hakuna mtu anafungua peke yake."

"Na huyo mzazi ni nani?" akauliza Kihara, jirani yake wa kuuza makaa.

"Nani mwingine? Ama tukupatie wewe, uipoteze kama meno yako?"

Watu wakavunjika mbavu. Ikapita: simu zinaingia Jumatatu asubuhi, zinatoka Ijumaa jioni. "Na hapo katikati," Were akaongeza, "hata mtoto wangu alie machozi ya damu, haifunguliwi."

Jumatatu yeye mwenyewe alinyakua simu ya binti yake, Awuor, akaidumbukiza ya kwanza, wote wakiona. Awuor akabeba begi akaenda darasani. Tangu mama yake, Peres, azikwe mwezi wa nne, huyo msichana alikuwa haongei sana. Were alidhani ni simu imemfanya bubu.

Jumanne jioni, akitoka kazi, akasikia mtu anaongea kwa nyumba. Akasimama mlangoni. Awuor alikuwa anasonga ugali na mkono mmoja. Ule mwingine ameuweka kwa sikio, kiganja tupu.

"Ndio mama, nimekula," alikuwa anasema. Akainamisha kichwa, kama mtu anasikiliza. "Hapana, huku hakunyeshi."

Nywele za Were zikasimama. Jamaa ambaye hutishia mbwa za watu, lakini hapo alishika mlango kwanza.

"Awuor. Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Mama gani?"

"Kwani niko na wangapi, baba?"

Akamweleza bila kugeuka. Kwa simu kulikuwa na zile sauti Peres alikuwa anamtumia kwa WhatsApp akienda kufulia watu nguo Muthangari. Kila jioni Awuor hufungua moja, anasikiza, anajibu.

"Maneno nayakumbuka," akasema. "Lakini leo yametoka na sauti yangu. Yake siipati."

Ugali wa siku hiyo ulipoa kwa sahani.

Jumatano kabla kengele ilie, Were alikuwa kwa ofisi ya deputi, Madam Waringa.

"Madam, naomba tufungue sanduku kidogo tu."

"Baba Awuor! Si ni wewe ulisema hata machozi ya damu?"

"Nilisema."

"Na mama Jacklyne akitubembeleza hapa juzi tumrudishie mtoto wake simu, ukamwambia aende akapike!"

"Mdomo yangu, madam." Akajaribu kucheka, kicheko ikakataa. "Mama yake Awuor yuko huko ndani."

Waringa alimwangalia, akamwacha aeleze yote. Kisha akachukua funguo yake, Were naye akatoa ya kwake. Kufuli zikafunguka. Simu zilikuwa zimelala zimebanana, na moja chini kabisa inatetemeka, haina wa kuishika.

"Sikiza," Waringa akasema. "Mchana itakaa hapa kama za wengine, hiyo ni kazi yangu. Jioni unakuja kuichukua wewe, si mtoto. Unakaa na yeye akisikiliza. Asubuhi unairudisha."

"Nikae? Na mimi nisikize?"

Kutoka mazishi Were hakuwa amesikia hiyo sauti. Hata picha ya Peres alikuwa ameitoa kwa ukuta.

"Hiyo nusu ya jioni siwezi kukufanyia nikiwa shule, Baba Awuor."

Jioni wakakaa kwa kochi, baba huku, mtoto kule. Awuor akabonyeza. Peres akaingia kwa nyumba, amechoka, maji ya kufulia yakimwagika nyuma yake: "Awuor, baba yako ameingia? Mwambie asimalize supu, mimi niko njiani."

Awuor aligeuka akamtazama baba yake, akangoja. Kioo ya simu ikaingia giza.

Were, yule wa maneno mingi, akayatafuta nyumba nzima.

"Nimeingia, Mama Awuor," akasema. "Supu nimekuwekea."