Magamba Mawili Yasiyofanana

Ofisini walimwita Mwewe, kwa ajili ya macho yake. Kwangu ni shangazi, dada wa baba, aliyenitafutia kazi ya kuchapa lebo kwenye maabara ya makombe, viumbe wa baharini wa jamii ya chaza. Miaka thelathini na moja alikaa kiti kilekile cha dirishani, akichekecha tope la vilindi vya bahari na kuchambua chembe kwa brashi nyembamba. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, macho yote mawili. Barua ikaja: Ijumaa astaafu.

Wiki hiyohiyo mtafiti wetu, msomi mwenye haraka zake, alikuwa anamalizia kuandika maelezo ya aina mbili mpya za makombe. Alikuwa na gamba mojamoja tu la kila aina, dogo kama dengu na angavu hivi kwamba ukiliweka juu ya lebo, maandishi yanasomeka. Moja lilikuwa na nakshi ya wavu. La pili lilikuwa na miviringo, mmoja ndani ya mwingine.

Shangazi alitazama kwenye hadubini mpaka chai yake ikapoa.

"Baba, hawa ni mtu na mkewe," alimwambia mtafiti. "Kombe ni moja, gamba lake la juu na la chini. Hesabu mbavu za ndani. Huku kumi na moja, na huku kumi na moja."

"Mbavu kumi na moja ziko kwa wengi. Nakshi hazilingani hata kidogo. Mama, macho yako yamechoka."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Kabla mtafiti hajaota meno, shangazi alikuwa ameketi pale! Lakini yeye hakubishana. Aliomba tope lililobaki, lile magamba yalikotoka, ndoo moja, akainama.

Jumatano hakupata kitu. Alhamisi hakupata kitu, na machozi yakawa yanamtoka kwa kukodoa. Mtafiti alisema maelezo yake yatakwenda kuchapishwa Ijumaa saa sita.

Ijumaa saa nne shangazi akaniita. Mtafiti alitangulia kwenye hadubini.

"Sioni kitu. Maji matupu."

"Zima taa ya juu," shangazi alisema, akiishusha taa ya mezani mpaka ikalala ubavuni mwa sahani. "Kombe hili halionekani majini. Tafuta kivuli chake."

Mtafiti alizima taa, akainama tena. Aliponipisha, nilitazama. Magamba mawili, bado yameshikana kwenye bawaba, yamefunguka kidogo. La juu lina wavu, la chini lina miviringo, na mbavu kumi na moja ndani yake zinang'aa kama miale ya jua. Vijisikio viwili kando ya bawaba, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Yote hayo kwenye giza totoro la vilindi, mahali ambapo hakuna wa kuyatazama! Niliogopa hata kupumua.

"Nilikosea, mama," mtafiti alisema. Akanigeukia. "Chapa lebo moja, siyo mbili. Na uandike nani aliyeliona."

Nilichapa jina kamili la shangazi, herufi zote, nikamletea. Shangazi aliisogeza lebo mpaka ikagusa pua, akaigeuza kuelekea dirishani, akairudisha puani.

"Nisomee, mwanangu," alisema.

Nikamsomea mara mbili.