Jina Chini ya Karatasi

Kezia Purslow aliusugua ukuta mmoja kwa miaka thelathini na moja. Kila baridi ilipoisha na masizi ya makaa yakawa yameifunika sebule kubwa ya jumba la Thornlow, alishuka jikoni akaomba mkate uliolala siku mbili, akaumega mabonge na kuanza kusugua karatasi ya ukutani, juu kwenda chini. Maji hayakuruhusiwa, yangeiharibu. Masizi yakitoka, yale matao yaliyochongoka kama madirisha ya kanisa na mataji ya dhahabu yalirudi kung'aa juu ya wekundu wake. Wageni walimsifu mwenye nyumba.

"Kezia, ukuta wako umeshakula?" wenzake walimtania.

"Umeshiba kukuzidi wewe."

Hakuwaambia kwa nini. Karatasi ile ilibandikwa na baba yake, Amos. Mafundi wa kazi hiyo, kabla ya kufunika ukuta, huandika majina yao juu yake kwa penseli. Amos alizikwa kimaskini, bila hata jiwe. "Mimi niko kushoto mwa dirisha kubwa," alimwambia bintiye akiwa anakata roho. Basi Kezia aliomba kitu kimoja tu maishani: alione jina lile.

Mwaka wa 1893 mtoto wa kiume wa mwenye nyumba alioa, na bibi mpya akasema amechoka kunywa chai ndani ya kanisa. Akaitwa fundi Enoch Tudge, akaibandua karatasi, kisha akatoka kwenda kukoroga gundi. Kezia alikimbilia dirishani. Maandishi yalikuwepo, kama yameandikwa jana:

*Amos Purslow, Mei 1847. Leo mke wangu kanizalia binti.*

Binti mwenyewe ndiye huyo, amesimama na ndoo, machozi yanamtoka.

"Uchafu gani huo?" Bibi alikuwa mlangoni. "Hebu futa."

"Ndiyo, bibi."

Ulimi ulijibu wenyewe, na mkono ukaufuata. Kwa kitambaa na sabuni, ilikuwa kazi ya dakika moja. Bibi akaridhika, akaenda zake.

Fundi aliporudi alishangaa. "Mbona hapa pamefutwa? Kulikuwa na jina la fundi mwenzangu."

"Bibi kaniamuru."

"Lo, mama! Si ungemwitikia tu, ukaniachia mimi? Kabla ya saa sita ningekuwa nimeshapafunika. Bibi angeonea wapi?"

Kezia alikiweka kitambaa chini. Katika miaka yote ile halikuwahi kumjia wazo la kuitikia halafu asitende. Alijichukia kuliko alivyomchukia bibi.

Tudge akatoa penseli nyuma ya sikio. "Nitajie, niliandike upya. Alikuwa nani?"

"Acha, fundi. Mwandiko wako si wake."

"Kezia!" sauti iliita kutoka ukumbini. "Na huku pia pana vumbi!"

Alikiokota kitambaa.

"Ndiyo, bibi," alisema.