Kamera Iliyosimama Mlangoni

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo haijanitoka, na leo uliponiambia kwamba picha ulizopiga kwa Mama Fatuma hazifai kwa sababu ukuta wake una ukungu, ndiyo iliyonijia. Hebu kaa kitako. Weka hiyo simu. Chai ipo, na mimi nikianza kusema sikatishwi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mvua inanyesha, nami nilikuwa msichana wa mjini mwenye kamera yake ya video. Enzi hizo, kuanzia Msambweni mpaka Diani, ukitaka kurekodi harusi upande wa wanawake unanitafuta mimi, maana mwanamume haingii kwenye ngoma ya ndani, na wanawake wenye kamera tulikuwa wa kuhesabika. Nilijisikia, usiseme! Taa yangu ilikuwa kali hata maharusi wakitokwa machozi. Kanda naipeleka kwa fundi Ukunda, anamwaga taarabu mwanzo mpaka mwisho, anatia na maua yanayozunguka. Nyumba ya udongo ikiingia kwenye picha, nageuza kamera haraka kwenye pazia la kukodi. Watu walifurahi, nami nilifurahi.

Sasa, shangazi yangu Mwanamisi alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja kule Galu. Mgeni wake mmoja, mama wa Kiingereza, alipoondoka alimwachia kanda ya filamu, akamwambia hawa ndio watu wa kwetu. Shangazi akarudi nayo kwake Ukunda ameikumbatia. Jumapili hiyo akaniita mimi, akamwita na jirani yake Mama Mutua, mtu wa bara aliyehamia pwani na mumewe, kwa kuwa yeye Kiingereza anakijua na angetufasiria. Tukakaa na mihogo yetu ya kukaanga tukisubiri kuona majumba ya kifalme.

Lo! Tukaonyeshwa jiko. Jiko dogo, sinki limejaa vyombo, ukuta una mabaka ya unyevu, dirishani mvua. Rangi zote zimefifia, kama nguo iliyofuliwa ikafuliwa tena. Muziki hakuna. Mama mmoja anatembea humo ndani, mara kichwa chake kinakatika kwenye picha, mara mtoto wake anapita mbele na kuziba kila kitu.

"Hii kanda ni mbovu," akasema Mama Mutua. "Toa hiyo kitu, uweke ile ya karate."

Mimi ndiye fundi, si ndiyo? Nikasimama, nikazungusha kitufe cha rangi cha televisheni mpaka mwisho. Ukuta ukawa manjano, na wale Waingereza wakawa wekundu kama watalii waliolala juani siku ya kwanza. Tulicheka mpaka mihogo ikatupalia. Shangazi peke yake hakucheka.

"Rudisha ilivyokuwa," akaniambia.

"Shangazi, si naitengeneza?"

"Unaiharibu. Ule ni unyevu. Mimi maisha yangu yote nafuta kuta za watu, unyevu naujua. Ukiutia rangi, yule mama tutajuaje anaishije?"

Nikarudisha, nimenuna. Lakini nikaanza kutazama, mwanangu, na kila nilivyotazama ndivyo nilivyosahau kununa. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kuifuata: mama analea mwanawe peke yake, kazi imempotea, na watu wa serikali wanakuja kuamua kama mtoto atabaki naye au atachukuliwa. Lile jiko kwa kweli lilikuwa dogo kiasi kwamba aliyepiga picha hakuwa na pa kurudi nyuma; ndiyo maana vichwa vilikatika. Mama alibanwa, na sisi tukabanwa naye. Sikuwahi kufikiri kwamba picha inaweza kukufanya uone nyumba ni finyu pasipo mtu kusema neno.

Halafu mama yule akajifungia chooni kulia. Nikajua sasa tutapelekwa ndani tuyaone machozi. Wapi! Kamera ilibaki ukumbini, inatazama mlango uliofungwa, tukasikia tu maji ya bomba aliyoyafungua ili mtoto asimsikie.

"Mwamwona mwenye kamera?" akasema shangazi. "Amepiga hodi hajaambiwa karibu. Basi haingii. Huyo amelelewa."

Na mwisho wakaja kumchukua mtoto. Mimi pale ningemwaga kinanda cha huzuni, ningeisogelea sura ya mama mpaka chozi lijae kioo kizima. Wao hawakufanya hivyo. Afisa alisema, na alisema mengi, lakini kamera haikumtazama hata kidogo. Ilibaki kwa mama aliyepiga magoti akimfungia mwanawe zipu ya jaketi, na zipu inakwama, anaivuta, inakwama. Maneno yote ya serikali tuliyasikia yakitoka kando. Mama Mutua aliacha kufasiri, na wala hatukumhitaji. Mtu anayenyang'anywa mwanawe haoni sura ya afisa. Anaona zipu.

Tulilia sote watatu, na hakuna aliyetuambia lieni. Shangazi akajifuta kwa kanga, akasema, "Miaka yote nawatandikia vitanda, nikidhani kwao hakuna aliyechoka." Tukanywa chai, tukakaa vizuri tu, mvua ikinyesha. Nilimpenda mno siku ile.

Haya, baada ya hapo nikaitwa Gazi, kwa Bi Riziki, aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee. Mumewe, Mzee Salimu, alikuwa mpishi melini, na meli ikachelewa huko ilikokwenda. Harusi ya mwanawe ikampita. Bi Riziki akaniambia, "Yeye ataiona kwenye kanda tu. Nataka harusi ya fahari, umenielewa?" Ngoma ya wanawake ilikuwa na kanda yake, hiyo mwanamume haoni. Ya Mzee ilikuwa ya familia, na ndiyo pekee atakayokuwa nayo.

Siku ya harusi nilimtafuta mama mtu kila mahali nimpige picha na binti yake. Kumbe yuko jikoni nyuma ya nyumba, peke yake, amekalia mbuzi anakuna nazi ya wali wa watu wote.

"Hodi, Bi Riziki."

"Karibu, mwanangu, lakini hiyo mashine yako iache nje."

Basi nami nikabaki nayo nje, mlangoni, inarekodi. Taa sikuwasha. Mwanga uliokuwamo ni wa mlango ule ule, umechanganyika na moshi. Alininyanyulia macho, akacheka, akasema, "Una vituko wewe!" akaendelea kukuna. Huko ukumbini wakapiga vigelegele vya kumtoa bibi harusi. Bi Riziki mkono ukasimama, akasikiliza. Kisha akaendelea na nazi yake. Nami sikusogea.

Desturi yangu ilikuwa kumwonyesha kanda kwanza mama wa binti. Tulipofika kwenye picha ya jikoni akasema, "Kata hapo."

"Kwa nini, bibi?"

"Ataniona nilivyochoka."

"Kwani hukuchoka?"

Akaikazia macho ile picha, mpaka nikajuta kuuliza. Angerudia kusema kata ningekata, wallahi, nilikuwa na kidole kwenye mashine. Ndipo akasema, "Iache. Na hiyo taarabu yenu usiiweke hapo. Asikie nazi."

Mzee Salimu aliporudi walinialika. Bi Riziki alikataa kuketi nasi. Akajitia ana kazi jikoni. Mzee alitazama harusi yote akitabasamu, anauliza huyu nani, yule nani. Tukafika kwenye nazi. Tabasamu likaondoka. Akasikiliza vigelegele vile, akauona ule mkono ukisimama. Hakungoja kanda iishe. Akainuka, akaenda jikoni, akamwambia mkewe, "Inuka hapo," akaketi yeye juu ya mbuzi, na kofia yake kichwani, akaanza kukuna. Tuliwasikia wanacheka. Kisha tukamsikia Bi Riziki analia, na Mzee akimwambia, "Nimeona. Nimeona, mke wangu." Binti yao akainuka akaizima televisheni, akaurudishia mlango wa jikoni taratibu.

Ndiyo nakuusia, mwanangu. Kabla hujawasha hiyo simu, jua utasimama wapi, kwa kuwa watu wataijua adabu yako kwa pale uliposimama. Usimfichie Mama Fatuma ukuta wake, wala usiupige ukuta ukamwacha yeye. Penye giza pawe giza, penye kimya usipajaze kinanda. Na mwenyewe aone kabla ya watu. Akisema kata, ukate bila kunung'unika. Mungu akujaalie jicho la huruma na subira ya kungoja, akuepushe na kumwaibisha mtu. Na siku wewe utakapochoka, akuletee wa kukuona.