Koko Alivyonitembeza Baraka

Kila ninapopita penye ndagala, dagaa wale wa ziwani, zilizoanikwa, ile harufu hunirudisha mjini Baraka, asubuhi ambayo mama alikuwa ufukweni akipakia vyombo kwenye boti. Vita vilikuwa vinashuka kutoka Fizi, na karibu majirani wote walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa.

"Kuya nikutembeze," koko, mama yake mama, aliniambia. "Mutoto anapashwa kujua kwabo."

Akanishika mkono tukaingia mtaa wa zamani, wenye baraza za udongo zilizong'azwa na makalio ya watu. Koko hakuwahi kupita mlango wa mtu bila hodi, na siku ile hakuacha. Alibisha kila nyumba tupu, akangoja, kisha akanieleza.

"Huyu wa hapa njo alishona robo yako, nguo ya batizo. Hapa banapika mukate ya iliki, hata batu ba Fizi banashuka kuinunua. Hapa kwa maalimu. Sikukuu yabo ya Idi, pilau yetu haikosi."

Mwisho tukafika kwetu, kwenye mlango alioufunga mwenyewe alfajiri. Akabisha.

"Hodi."

Akasimama, kiganja chake kikiwa juu ya mbao za mlango, akangoja kuliko kote.

"Karibu, koko," nikajibu mimi, nyuma yake.

"Asante, mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita, tukashuka hadi kwenye boti.