Pete za Bati za Zachariah Thuo

Mjini Eldoret, mwaka wa 1987, mtu aliyetaka koroboi isiyovuja au kifuniko cha sufuria kinachokaa sawasawa alielekezwa kwa Zachariah Thuo, nyuma ya soko. Wengine walipima kwa bikari kabla ya kukata bati. Thuo alipima kwa jicho, na duara lake likawa duara.

Mafundi wote wa pale walikuwa na desturi moja, ila yeye aliishika kama dini: hakumpa mteja alichoomba, alimpa alichopaswa kuomba. Mama akija kutoka Moiben na uzi wenye fundo kuonyesha upana wa ndoo ya maziwa, Thuo aliupokea kwa heshima, akauweka kando, akatengeneza ndoo. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyerudi kulalamika.

Ndipo akaja Daktari Murunga. Alifundisha fizikia katika chuo kimoja nje ya mji, na kutoka ng'ambo alikuwa amerudi na miwani na mashine ndogo ya kutoa mawimbi. Mawimbi yenyewe, alivyoeleza akiwa amekalia debe, yalikuwa ya ukoo usiojulikana sana: mafupi kuliko ya redio, marefu kuliko ya mwanga, jicho haliyaoni, na karatasi yanaipita kana kwamba haipo. Shida ilikuwa kuyakusanya mahali pamoja. Lenzi ya kazi hiyo iliuzwa Ulaya kwa bei ya ng'ombe watatu wa gredi, na kibali cha fedha za kigeni kilikuwa Nairobi mwaka mzima, kikingoja sahihi. Lakini pete za bati, moja ndani ya nyingine, zikibandikwa kwenye kadibodi, zingefanya kazi ileile.

Thuo akauliza bati litakusanyaje kitu lisichokipitisha. Murunga, aliyejua kwamba Thuo huongoza kwaya kanisani, akamwambia ni kama kwaya: mawimbi yanayofika nje ya mdundo yanazuiwa na bati, yanayofika pamoja yanapita kwenye nafasi. Thuo akaelewa mara moja. Alikuwa ameshawatoa wazee watatu wa besi kwa sababu hiyohiyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Chuo kilitafuta fundi wa karakana, kazi ya kudumu, tena yenye nyumba. Fomu iliuliza namba ya kadi ya chama tawala kabla ya kuuliza kama mtu anajua kushika mkasi. Kamati ingekuja Ijumaa kuiona lenzi. Ikifanya kazi, Murunga angependekeza jina la aliyeitengeneza. Thuo na mkewe Mwihaki walilala chumba kimoja na watoto wanne. Mwihaki akaanza kushona mapazia ya madirisha ambayo hakuwa ameyaona.

Mchoro alioacha Murunga ulikuwa na pete sita, na Thuo alipoutazama alimhurumia Daktari. Pete ya ndani nene, iliyofuata nyembamba kidogo, na hivyo hivyo hadi ya nje, kama mtu aliyeishiwa na karatasi akiwa bado anachora. Msomi mzima. Thuo akazisawazisha bila kusema neno, kila pete upana wa kidole gumba. Mwihaki alipoiona kazi hiyo alitaka itundikwe ukutani.

Jumatano, kwenye maabara, mshale wa mita ya kupimia mawimbi ulilala. Murunga akaisogeza lenzi mbele, akairudisha nyuma, saa mbili nzima. Mwisho akavua miwani, akasema kosa ni lake, kwa maana kazi safi namna hii haiwezi kuwa na kosa. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa mbovu. Akachukua kalamu aiandikie kamati isije.

Thuo akaitazama ile kalamu. Akinyamaza, angerudi sokoni na jina lake bila doa. Nyumba ingeenda kwa mwingine.

"Daktari, ngoja kidogo. Hizo pete si zako."

"Si zangu vipi?"

"Ulizichora vibaya, nikakurekebishia."

Murunga akaiweka kalamu chini taratibu. "Mzee wangu, kupungua kwa zile pete ndiyo hesabu yenyewe."

"Sikujua ni hesabu. Nilidhani ni mkono wako."

"Na huko kwaya, waliotunga nyimbo pia huwa unawarekebishia?"

"Kila Jumapili," Thuo akasema.

Alhamisi aliupigilia mchoro mezani, akapima kila pete kwa rula aliyoazima kwa Khisa, fundi viatu wa jirani. Khisa akataka kujua kama macho yameanza kuzeeka. Thuo akachukua mkasi. Alikata pete baada ya pete, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, na kila moja ilimuuma.

Ijumaa mshale ulipanda hadi karibu na mwisho. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kama chombo hicho kinaweza kunasa matangazo ya redio za nje. Akaambiwa hakiwezi, akaandika hivyo na kuonekana ameridhika.

Barua ya kazi ilipofika, Mwihaki alimuuliza mumewe ni kazi ya kutengeneza nini hasa.

"Ni kukata bati vile limechorwa, Mama Nduta," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa aliokutwa nao hospitalini. "Hata likichorwa vibaya."