Pembe Iliyonikalisha Githongo

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila nikinusa kahawa mbichi, mwanangu. Niliamka Makutano, pale Meru, katika chumba nilichokuwa nimeambiwa nihame. Nikavaa viatu, nikaanza kutembea. Kwenda wapi? Hata mimi sikujua. Nilikuwa hivyo tangu nilipoacha shule mapema kule kwetu Gachoka: mji ukinichoka, au mimi nikiuchoka, nilibadilisha barabara. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, nami niliishika methali hiyo kama kitambulisho. Kumbe kuna kutembea na kuna kukimbia. Niliikimbia pombe, nayo kila nilikofika ilikuwa imetangulia.

Mchana ulinikuta Githongo, mikono ikitetemeka. Karibu na kiwanda cha kahawa niliona watu wazima wakiingia katika boma moja. Mmoja alibeba kibuyu kikubwa, mwingine pembe ya ng'ombe. Wewe umezaliwa huku, unajua nilichofikiria: mahari! Wazee wamekuja kuzungumzia binti, na muratina, pombe yetu ya kienyeji, imeiva. Tena kwa desturi yetu, mpita njia akikuta kibuyu hafukuzwi. Nikajipangusa vumbi, nikasalimu kwa heshima, nikakaa kwenye benchi kama mjomba wa bwana harusi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Pembe ikaanza kuzunguka. Aliyeishika alitaja jina lake, akaeleza juma lake lilivyokwenda, akanywa, akapitisha. Nilishangaa kidogo kwamba hakuna aliyetaja mbuzi. Kisha ikafika kwa muuza mboga mmoja aliyeitwa Mama Nkatha.

"Jumapili moja niliingia kanisani nimelewa," alisema. "Nikaenda mpaka mbele, nikamnyang'anya pasta maikrofoni. Nikaambia watu..." Akaishusha pembe. "Ngojeni. Leo siwezi. Alhamisi ingine."

Akanipa pembe. Sikutaja jina wala juma. Niliiinua haraka nikameza funda kubwa.

Uji! Uji wa wimbi, mwanangu, wala haukuwa umechachuka. Uso wangu ulisema yote, maana boma zima liliangua kicheko.

"Huyu amekuja mahari!" akasema mwenye boma, Mzee Mutwiri, huku akipangusa machozi. "Usione haya, kijana. Unafikiri hiyo kibuyu tunapitisha barabarani bure?"

"Sasa mzee, hapa ni wapi?"

"Hapa ni kwa watu wenye pombe ilikuwa inawakunywa. Sema jina ama upitishe. Hakuna polisi hapa."

Ningeweza kuinuka. Mlango ulikuwa wazi na miguu yangu ilizoea milango. Lakini nilijisikia nikisema, "Naitwa Njeru, kutoka Gachoka, na mikono yangu haitulii." Hakuna aliyecheka safari hiyo. Mama Nkatha alinishikia pembe ili nisiumwage uji.

Kikao kilipokwisha, Mzee Mutwiri hakunihubiria. Alinipeleka kwanza kwenye zahanati, akamwambia muuguzi mikono yangu inavyofanya. Nakusihi usilipite jambo hilo: mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kumwangusha mtu vibaya. Usijifungie chumbani ukajifanya daktari wako.

Jua lilipoanza kushuka, alinionyesha stoo yake. Kulikuwa na kitanda cha mbao, blanketi, na magunia matupu ya kahawa.

"Asante, mzee. Lakini kesho nitaondoka."

"Barabara haijafungwa. Enda."

Nikajilaza. Kisha udadisi, ugonjwa wangu wa tangu utoto, ukaniinua. Nikamfuata uani.

"Mzee, yule mama aliambia watu nini kule kanisani?"

Akanitazama, akatabasamu. "Mwenye maneno ni yeye. Alhamisi atasema, ama hatasema. Wewe si unaondoka?"

Nikarudi stooni, nikavua viatu, nikaviweka mbali na mlango. Usingizi ulinichukua nikiwaza maikrofoni, si chupa.

Nilibaki kwa ajili ya Alhamisi ile, kisha kwa ajili ya iliyofuata. Niliteleza pia, sikufichi, lakini niliporudi benchi lilikuwa na nafasi yangu. Leo nina mvi na bado nachuma kahawa hapa. Mama Nkatha alimaliza hadithi yake. Usiniulize aliwaambia nini watu wa kanisa. Ameniruhusu nisimulie mpaka pale tu, na ya kwenye pembe hubaki kwenye pembe.

Basi shika hili, mwanangu. Pombe ikikushinda, usiitafutie mji mwingine, itafutie masikio. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uliza zahanati, uliza kanisani, uliza aliyewahi kulewa na sasa halewi. Huyo anajua wanakokutana. Nenda hata kama umekosea njia kama mimi, hata kama huna la kusema. Kaa usikilize. Na kama huwezi kujiahidi maisha mazima, basi jipe tu sababu ya kurudi Alhamisi.

Mungu akujalie kiu isiyolewesha. Pembe itakayokufikia iwe na uji, mkono wa kukushikia usikosekane, na popote jua litakapokuchwea, pawe na mtu wa kukuonyesha pa kulala.